Ini langu lina mafuta. Je, mbegu za kitani zitaliponya?

Swali: Salaam, Daktari. Nina miaka 47, nauza vitenge Morogoro. Mwezi uliopita nilipigwa ultrasaundi kwa sababu ya uzito fulani ninaousikia chini ya mbavu za kulia, nikaambiwa ini lina mafuta, daraja la pili. Pombe sijawahi kuonja. Nina kisukari, natumia metformini, na nina kilo 86. Majibu ya damu ni ALT 58 na AST 41, vile vimeng'enya vya ini, na chembe sahani za kugandisha damu 240. Sikupewa dawa, niliambiwa tu nipunguze mafuta na nirudi baada ya miezi sita. Nimeacha vya kukaanga vyote. Dukani nashindia chai, vikombe vinne hivi vya vijiko vitatu vya sukari, na juisi ya matunda. Shoga yangu ameniletea mbegu za kitani, ambazo wengine wanaziita flaksi, pamoja na chupa ya mafuta yake. Nameza kijiko kimoja cha mbegu kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu. Je, zitaondoa mafuta kwenye ini? Zikinikubali naweza kuacha metformini? Na haya mafuta niyapikie?

Jibu: Dada yangu, salaam. Nianze na metformini, maana hapo ndipo uliponitia wasiwasi. Usiiache. Kisukari na ini lenye mafuta ni ndugu wa tumbo moja: vyote vinaanzia pale mwili unapoacha kuitii insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na sukari ikikaa juu muda mrefu ndipo ini lenye mafuta linapopata makovu kwa urahisi zaidi. Mbegu ulizoletewa ni chakula kizuri. Kula chakula hicho na dawa uendelee nayo, na kama siku moja dozi itapunguzwa, apunguze daktari wako baada ya kuona vipimo vya sukari.

Sasa mbegu zenyewe. Zinasaidia ini, ndiyo, lakini kwa namna unavyozitumia sasa unapata faida ndogo sana. Ganda la mbegu ya kitani ni gumu na linateleza. Ukiimeza nzima kwa maji, nyingi hupita tumboni na kutoka kama zilivyoingia. Labda choo kitakuwa laini, basi. Ili mwili upate kilichomo ndani, lazima zisagwe. Kinu cha kutwangia viungo kinatosha, na blenda ndogo ya kusagia vitu vikavu ni nyepesi zaidi. Saga za siku chache tu, weka kwenye chombo kinachofunga vizuri, kaa nacho kwenye friji. Mafuta ya mbegu hii huharibika upesi yakikutana na hewa, mwanga na joto, na joto la Morogoro unalijua mwenyewe. Ukionja ukasikia uchungu usio wa kawaida au harufu ya mafuta yaliyokaa, mwaga usage nyingine.

Utafiti ninaouegemea zaidi ulifanyika Iran na kuchapishwa mwaka 2016. Wagonjwa 50 wenye tatizo kama lako waligawanywa makundi mawili. Wote walielekezwa namna ya kula na kufanya mazoezi, kisha kundi moja likaongezewa gramu 30 za mbegu za kitani zilizosagwa kila siku kwa wiki 12. Mwishoni makundi yote mawili yalipungua uzito, vimeng'enya vya ini vikashuka, mafuta na ugumu wa ini vikapungua. Waliokula kitani walipungua zaidi. Naomba uyatazame matokeo hayo kwa utulivu: hata wasiogusa mbegu walipata nafuu, kwa sababu walibadilisha sahani zao na kutembea. Kitani kiliongezea juu ya kazi iliyokuwa imeshaanza. Hakuna aliyepewa mbegu halafu akaachwa aendelee na soda zake. Tena utafiti wenyewe ni mdogo, wa miezi mitatu, na washiriki walijua nani anakula nini. Kwa hiyo nazipendekeza mbegu hizi kwa moyo mweupe kama msaidizi, na sitamwambia mtu yeyote kwamba zinaponya ini.

Gramu 30 ni kama vijiko vinne vya chakula vya unga wake. Kijiko chako kimoja ni sehemu ndogo tu ya kipimo hicho, na mbegu zake hazijasagwa.

Kwa nini mbegu ndogo namna hii ilisaidie ini? Ndani yake kuna mambo matatu yanayofanya kazi pamoja. La kwanza ni nyuzinyuzi, zaidi ya robo ya uzito wa mbegu. Sehemu yake moja hugeuka ute ikikutana na maji. Koroga unga wake kwenye glasi, uache dakika kumi, utaona maji yamekuwa mazito na yanavutika kama mlenda. Ute huo huchelewesha sukari kuingia kwenye damu na hukufanya ushibe mapema. La pili ni mafuta ya omega-3 ya mimea, ambayo kitani kimejaliwa kuliko vyakula vingi tunavyovijua. La tatu ni lignani, kemikali za mimea ambazo bakteria wa utumbo huzigeuza kuwa vitu vinavyotuliza uvimbe mwilini, na kitani ndicho chakula kinachoongoza kwa kuwa nazo.

Kuna faida nyingine ambayo kwako naiona kubwa. Watu wenye ini lenye mafuta hufa zaidi kwa magonjwa ya moyo na mishipa kuliko kwa ini lenyewe, na wewe una kisukari juu yake. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulihusisha wagonjwa 110 wenye mishipa ya miguu iliyoziba, wengi wao wakiwa na presha. Walikula gramu 30 za kitani kwa siku, na baada ya miezi sita presha yao ya juu ilikuwa pungufu kwa takriban 10 na ya chini kwa takriban 7 kulinganisha na wenzao wasiokula. Kama unatumia dawa za presha, mwambie daktari umeanza kitani, upimwe mara kwa mara zaidi.

Umeniandikia kwamba umeacha vya kukaanga vyote. Umejitahidi, na niliposoma nilifurahi, kisha nikafika kwenye chai na juisi. Hapo ndipo ini lako linapoumia. Tukisikia "mafuta kwenye ini" tunafikiria chapati na nyama nono, lakini ini hupata mafuta yake kutoka njia tatu. Watafiti wa Marekani walizifuatilia njia hizo kwa kikundi kidogo cha wagonjwa, wakachapisha matokeo mwaka 2005: karibu asilimia 59 ya mafuta yaliyokuwa kwenye ini yalitoka kwenye akiba ya mwili wenyewe, yaani mafuta ya tumbo na kwingineko yanayomiminika kwenye damu kwa sababu insulini haisikilizwi. Asilimia 26 ini lilijitengenezea lenyewe, na malighafi yake kubwa ni sukari na wanga uliozidi. Yaliyotoka moja kwa moja kwenye chakula chenye mafuta yalikuwa kama asilimia 15 tu.

Sasa tuhesabu chai yako. Vikombe vinne mara vijiko vitatu ni vijiko 12, karibu gramu 48 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Umeshapita karibu mara mbili kabla hatujagusa juisi. Na juisi, hata ya matunda halisi bila sukari ya kuongeza, inahesabiwa kwenye kundi hilohilo. Ukikamua maembe matatu unakunywa sukari ya maembe matatu kwa dakika moja, na nyuzinyuzi umeziacha kwenye chujio. Sehemu ya sukari hiyo ni fruktosi, ambayo huchakatwa zaidi na ini, na ini likizidiwa huigeuza kuwa mafuta. Embe moja ulile kwa meno, sina ugomvi nalo.

Kwa hiyo kama una nguvu ya kubadilisha jambo moja tu mwezi huu, badilisha chai kabla ya kuongeza mbegu. Shuka kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Maji ya tangawizi bila sukari yanafaa. Kahawa chungu nayo ni rafiki wa ini kweli: tafiti nyingi zimeona kwamba wanaokunywa vikombe viwili vitatu kwa siku wana makovu machache ya ini. Iwe bila sukari, na kama haikunyimi usingizi.

Kuhusu uzito, wewe una kilo 86. Asilimia 5 ni kilo 4.3, na hapo mafuta ya ini huanza kupungua waziwazi. Asilimia 7 ni kilo 6, asilimia 10 ni kilo 8.6. Huko Cuba walifuatilia wagonjwa 293 wenye ini lenye mafuta lililovimba kwa mwaka mzima, wakachukua kipande cha ini kabla na baada, na matokeo yakatoka mwaka 2015. Kati ya waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi, 90 katika kila 100 uvimbe wa ini uliisha, na 45 katika kila 100 hata makovu yalirudi nyuma. Sijaona mbegu, jani wala kidonge cha dukani chenye matokeo yanayokaribia hayo. Ila usikimbilie kufunga kula. Nusu kilo kwa wiki inatosha; kupungua ghafla huweza kuleta vijiwe kwenye nyongo na kulisumbua ini zaidi. Nusu ya sahani iwe mboga, mchicha au matembele au bamia. Robo iwe wali au ugali wa dona, robo iwe maharage, samaki au kuku asiyekaangwa. Na kwa kuwa kazi yako ni ya kukaa dukani, tafuta dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku tano kwa wiki, mpaka pumzi ibadilike.

Kumbuka pia kwamba kitani kina nishati. Gramu 30 zina karibu kilokalori 160, sawa na vipande viwili vya mkate. Ukiziongeza juu ya vyote unavyokula, utanenepa kwa mbegu nzuri. Ziingie mahali pa kitu kingine: kwenye uji wa ulezi usio na sukari zitoe mkate wa asubuhi, au kwenye mtindi zitoe maandazi ya saa nne.

Anza na kijiko kimoja cha unga kwa siku, kaa nacho wiki nzima, kisha panda hadi viwili. Wengi nawaacha hapo kwenye viwili. Ukiona tumbo limetulia na unataka kufika kipimo cha wale wa Iran, ongeza pole pole, lakini usizidi vijiko vinne. Kunywa maji ya kutosha, maana ute ule ukikosa maji unaweza kukwama na kukufungia choo badala ya kukifungua. Aliyewahi kuziba utumbo asizitumie kabisa bila ruhusa ya daktari. Metformini na dawa nyingine zimeze saa moja au mbili mbali na kitani ili nyuzinyuzi zisizizuie kufyonzwa. Pima sukari yako mara nyingi zaidi wiki za mwanzo, hasa kama kuna siku utaongezewa dawa nyingine ya kisukari. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, aulize kwanza. Wajawazito nawashauri wasizitumie kama tiba, kwa sababu lignani zina tabia zinazofanana kidogo na homoni ya kike.

Kuna wanaotishwa kwamba kitani kina sumu ya sayanaidi. Ni kweli kina kemikali zinazoweza kutoa sayanaidi, za jamii ileile iliyomo kwenye mihogo michungu. Kwa vijiko viwili hadi vinne mtu mzima mwenye afya ya kawaida huimudu bila shida, na moto huipunguza. Majirani zetu wa Ethiopia wanakilima kitani tangu zamani: hukaanga mbegu kidogo, huzitwanga na kuzichanganya na maji kuwa kinywaji kiitwacho telba. Nawe unaweza kuzipitisha kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo mpaka zinukie, kisha usage. Zisiungue.

Unaweza pia kujiuliza kwa nini hukupewa dawa. Hukupuuzwa. Dawa ya kwanza kabisa iliyoidhinishwa Marekani mahususi kwa ugonjwa huu, resmetiromu, iliidhinishwa mwezi Machi 2024, na ni kwa wenye makovu ya wastani hadi makubwa. Swali muhimu kwako basi ni moja: ini lako lina makovu? Ultrasaundi ya kawaida haijibu hilo vizuri. Hilo "daraja la pili" linasema mafuta ni mengi kiasi gani, halisemi makovu. Lakini namba ulizonitumia zinatosha kufanya hesabu inayoitwa FIB-4. Chukua umri wako 47 uzidishe kwa AST 41, unapata 1,927. Kipeuo cha pili cha ALT yako ni karibu 7.6, zidisha kwa chembe sahani 240, unapata kama 1,828. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: 1.05. Chini ya 1.3 uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo, na wewe uko hapo. Juu ya 2.67 ningekutuma kwa bingwa wa ini wiki hii hii, na katikati ya hapo ungehitaji kipimo cha ugumu wa ini kama Fibroscan, ambacho kinapatikana katika baadhi ya hospitali kubwa. Kwa kuwa una kisukari, rudia hesabu hii kila mwaka. Usijiridhishe kwamba uliwahi kuwa chini mara moja.

Ukirudi hospitali, omba upimwe homa ya ini B na C kama hujapimwa. Homa ya ini B imeenea kwetu, inaweza kukaa miaka mingi bila dalili, na ALT iliyopanda ikaonekana ni ya mafuta kumbe kuna virusi pia. Ikionekana huna, pata chanjo. Na kama kuna mtu amekuuzia au atakuuzia mchanganyiko wa mitishamba wa "kusafisha ini", tafadhali usiutumie. Hilo nalisema nikiwa na uchungu, kwa sababu baadhi ya michanganyiko hiyo ndiyo inayoliharibu ini, na mgonjwa huja akiwa na macho ya njano hali alikuwa na tatizo linalorekebishika kwa sahani na miguu. Ukiona macho yamekuwa ya njano, tumbo linajaa maji, unatapika damu, choo kimekuwa cheusi kama lami au unachanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kama kitani kikiisha na bei imepanda, usihuzunike. Omega-3 ya kitani ni ya mimea, na mwili hugeuza sehemu ndogo tu, chini ya asilimia 10, kuwa aina ile inayopatikana kwenye samaki. Dagaa na vibua wanakupa aina hiyo moja kwa moja, pamoja na protini, kwa bei ya sokoni. Dagaa waliochemshwa na nyanya na kitunguu mara tatu kwa wiki, na maharage au choroko siku nyingine kwa ajili ya nyuzinyuzi, ni msingi ambao ningeuweka hata kama mbegu za kitani zisingekuwepo.

Limebaki swali la chupa ya mafuta. Kuna utafiti mwingine wa Iran uliolinganisha mafuta ya kitani na ya alizeti kwa wagonjwa waliokuwa wakipunguza uzito, na daraja la mafuta kwenye ini lilishuka zaidi kwa wa kitani. Lakini mafuta hayana nyuzinyuzi, na lignani karibu zote zimebaki kwenye makapi, hivyo kwa mwenye kisukari kama wewe mbegu iliyosagwa naipenda zaidi. Kwa kuwa chupa unayo, usiyapikie kabisa. Hayastahimili moto wa jikoni. Tia kijiko kimoja cha chai kwenye kachumbari au kwenye maharage yaliyokwisha epuliwa, chupa iwe ya rangi nyeusi na ikae kwenye friji. Kwanza kabisa soma kibandiko. Mafuta ya kitani hutumika pia kuchanganyia rangi na kupaka mbao, na yale yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi huwekwa kemikali za kukausha. Kama kibandiko hakisemi waziwazi kwamba ni ya kula, mrudishie shoga yako, umweleze na yeye asiyatumie.